Nani Amemgusa Mchawi Wangu?

Jumanne, 2 Juni

Nimetoka stoo ya kazini jioni, baridi ya Themi imeniingia mpaka kwenye magoti. Makande. Baba mkwe amekula nusu sahani. Vidonge amemeza, nimemwona kwa pembeni nikijifanya napanga vikombe. Akaingia chumbani, nami nikawasha gemu.

Nimepigwa tena pale kwenye kinamasi. Wiki ya tatu sasa. Mimi ni yule mwanamke wa ngao na upanga, na ninao watatu nyuma yangu: mpiga mishale, mwizi wa kufungua makufuli, na Tamrak, mchawi. Tatizo ni Tamrak. Leo amerusha moto kwenye kundi la fisi-watu, moto ukatuunguza sisi. Mpiga mishale kafa. Kisha yeye mwenyewe akafa, kama kawaida yake.

Namtanguliza mbele. Elibariki, mume wangu, aliniambia kabla hajaondoka kwamba mchawi anakaa nyuma. Nikamwambia kwetu Rombo mchawi humpi mgongo. Akae mbele nimwone mikono. Halafu huyu alijiunga nasi bure, hakudai chochote, eti anataka tu kusafiri nasi. Mchawi wa kujitolea? Ana lake. Ile fimbo nzuri tuliyoipata pangoni sijampa. Ipo kwenye mkoba wangu na itabaki humo.

Jumatano, 3 Juni

Balaa.

Nilidhani Baba amelala. Nikageuka, amesimama mlangoni na bakora yake, anaangalia runinga. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Hakuniuliza mimi. Aliuuliza ukuta: "Na huyu mwenye ndevu ni nani?"

Ningesema mzee. Ningesema mganga. Nikasema mchawi.

Akasema "Haya." Akarudi chumbani. Nikamsikia anaomba, sauti ya chini, muda mrefu. Mzee wa kanisa miaka yote hiyo, leo yuko nyumbani kwa mwanawe anaona mkwe wake anatembea na mchawi. Nimezima. 

Niandike ili nisijidanganye. Baba alianguka kwenye kahawa zake huko mlimani Meru, juu ya Usa, kabla ya Pasaka. Alikuwa ameacha vidonge vya presha kwa sababu alijisikia mzima. Daktari alisema akae mjini, karibu na kliniki, na awepo mtu wa kuangalia anameza. Mtu huyo ni mimi. Elibariki ni dereva wa watalii, msimu ukianza simwoni. Baba akipatwa na shida yeye akiwa porini, atajua nani kashindwa. Baba akiondoka hapa kwa kuudhika, kwanza ataacha vidonge. Pili, nitaitwa mwanamke aliyemfukuza mkwe wake kwa uchawi. La kwanza linanitisha zaidi. La pili linaniuma zaidi. Ndivyo nilivyo.

Na siwezi kumwambia kitu. Kwao mkwe wa kike na baba mkwe hawaulizani mambo ana kwa ana. Hatupeani mkono. Hatukai kochi moja. Nikitaka kujua kama amelala vizuri nampigia Elibariki Serengeti, naye anampigia baba yake aliye chumba cha pili. Jibu linarudi njia hiyohiyo. Mwanzoni nilicheka. Sasa nimezoea, lakini leo imenishinda.

Ijumaa, 5 Juni

Wifi Eliakunda amekuja leo na ndizi na maziwa. Anauza ndizi sokoni Tengeru karibu kila siku, ila Jumatatu na Ijumaa huja kushinda na baba yake mimi nikiwa kazini. Ana ufunguo. Mume wangu alimpa, sikuulizwa.

Nimemkuta anafunga kanga tayari kuondoka. Kaniambia Baba amekonda. Hajakonda. Kisha, akiwa mlangoni, bila kuniangalia: "Ile gemu yenu ya wachawi bado mnacheza?"

Nani kamwambia? Mimi sijamwambia. Elibariki hajui kilichotokea Jumatano. Baba, basi. Kwa hiyo wanazungumza. Kwa hiyo nazungumzwa.

Jumamosi, 6 Juni

Nimewasha. Kuna mtu amemgusa Tamrak.

Mimi ni mtunza stoo. Mahema, majiko, viti vya kukunja, magodoro. Vinatoka na watalii kwenda mlimani na porini, vinarudi, na wapishi wananidanganya usoni kila Jumatatu. Najua kitu kilichoguswa hata kikirudishwa mahali pake. Na hiki hakikurudishwa hata mahali pake.

Tamrak amevuliwa lile vazi la chuma nililomvika ili asife haraka. Amevaa joho lake la mwanzo, la buluu. Uchawi wa moto umeondolewa kwenye nafasi ya kwanza, umewekwa wa usingizi. Halafu fimbo. Ile fimbo nzuri imetoka kwenye mkoba wangu, iko mkononi mwake.

Mkoba wangu!

Nimekaa na pedi ya gemu mikononi kama mtu aliyeibiwa. Sikucheza.

Jumapili, 7 Juni

Nimempata Elibariki mchana, mtandao unakatikakatika. Nikamuuliza kama aligusa gemu kabla hajaondoka. Akasema hapana. Nikamuuliza mara ya pili, akacheka, akasema "Mama, wewe unaweza kumshuku hata pasta." Sikuona cha kuchekesha. Hakuwa yeye. Tangu aondoke nimeshapigwa kinamasini mara nyingi na lile vazi la chuma likiwa mwilini mwa mchawi.

Baba kanisani alisali amefumba macho muda wote. Wifi, aliyekuja kusali nasi, alikaa upande wa pili, akawa ananitazama. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 8 Juni

Asubuhi nilikunja waya wa pedi kwa mkunjo wangu wa stoo, ncha imeingizwa ndani. Jioni nimeukuta umezungushwa ovyo, umefungwa fundo.

Na kinamasi kimevukwa.

Nimeangalia mara mbili. Wote wanne wako ng'ambo, wazima, hakuna hata mmoja aliyejeruhiwa. Tamrak amepanda levo. Wamelala kambini, nguvu zake zimejaa. Wiki tatu mimi nahangaika, mtu kaja mchana mmoja na kuvuka.

Nani alikuwa hapa leo? Wifi Eliakunda, zamu yake. Na Baba, ambaye vidole vyake vinatetemeka akishika kijiko na ambaye alimwomba Mungu anilinde na hicho kitu. Hesabu haihitaji kalamu.

Nina hasira. Ningekuwa na hasira kidogo kama angecheza vibaya.

Jumatano, 10 Juni

Nimewaza kazini siku nzima, mpaka nimempa mpishi mmoja mahema mawili zaidi ya aliyoomba. Haijawahi kutokea.

Wifi anataka nini? Hivi ndivyo ninavyoona. Anamtaka Baba arudi mlimani, kwake, chini ya macho yake. Hawezi kusema hivyo kwa Elibariki bila sababu. Kwa hiyo anatafuta sababu. Anafungua gemu, anaangalia kila kilicho ndani ya yule mchawi, anakariri uchawi wote anaoujua, labda anapiga picha kwa simu. Siku ya siku ataziweka mezani. Tazameni kinachoishi na baba yetu kule nyumbani kwao Olasiti.

Lakini kwa nini acheze vizuri? Hapo nakwama.

Nimejaribu kucheza kama yeye. Kwa kumpeleleza, siyo kwa kujifunza. Tulipo sasa ni kwenye kijiji cha wachoma mkaa na msituni kuna wanyang'anyi. Nimeona Tamrak alipoachwa amesimama: juu ya jabali, nyuma ya wote, anaona bonde lote. Nikamwacha hapohapo. Sikupenda kumpa mgongo, nakiri. Wanyang'anyi wakaja sita. Nikamwambia alaze. Wanne wakaanguka na kulala kama watoto baada ya uji. Wawili waliobaki nikawamaliza na upanga kabla wenzao hawajaamka. Sikugusa moto hata mara moja. Ilibaki nusu ya nguvu zake kwa vita inayofuata.

Kumbe hiyo ndiyo kazi yake. Siyo kuua. Kupunguza, ili sisi tuue. Na usimalize kila kitu kwenye pambano la kwanza, na ukiishiwa usijitutumue, rudi kambini ulale.

Nilifurahi kabisa. Kisha nikakumbuka nani kanifundisha, nikanuna.

Alhamisi, 11 Juni

Baba amekula sahani nzima leo. Ameomba aongezwe maharage. Aliliambia bakuli, siyo mimi, lakini bakuli nililishika mimi. Wiki hii ameamka kabla yangu kila siku na kunyoa ndevu. Uso umekuwa na damu.

Labda anajiandaa kuondoka.

Ijumaa, 12 Juni

Nimekagua kijiji chote cha wachoma mkaa. Kwenye hii gemu mtu ambaye hujaongea naye ana nyota ndogo juu ya kichwa. Ukimaliza kuongea naye nyota inapotea. Sasa sikia. Vijana wote kijijini bado wana nyota. Wazee wote, hata yule bibi kiziwi anayeuza mitishamba na hana maana yoyote, nyota zao zimepotea. Mtu amepita kwa kila mzee kumsalimia.

Na makasha. Makasha yote ya msituni yamefunguliwa. Ya ndani ya nyumba za watu hayakuguswa hata moja, na mengine yana dhahabu, mwizi wetu angeyafungua kwa sekunde. Mimi huwa nayafungua yote.

Mwizi wangu, basi, haibi na ana adabu. Nilikaa nikilitafakari hilo. Kisha nikajiambia Eliakunda ni Mlutheri wa kweli, hataki dhambi hata akiwa anapeleleza. Ukimchunguza sana bata hutamla, lakini mimi huyu bata nimeamua kumchunguza mpaka kwenye manyoya.

Nimempigia. Nilikusudia kuuliza kwa upole. Nilisema, "Wifi, kama unataka kuangalia vitu vyangu niombe, usiingie kama mwizi."

Akasema, "Mimi? Mwizi? Kwenye nyumba ya kaka yangu?" Nikasema gemu. Akasema hajui hata inawashwa wapi. Nikasema basi nani kavuka kinamasi. Kufikia hapo tulikuwa tunapiga kelele wote wawili. Akasema yeye hawezi kugusa kinyago cha kichawi hata kwa kijiti, na kwamba amenyamaza tangu Baba alipomuuliza kama ni dhambi kukitazama, lakini sasa hanyamazi tena.

Nilikuwa sebuleni. Mlango wa Baba ulikuwa wazi. Baada ya kukata simu nikausikia unafungwa, polepole.

Jumamosi, 13 Juni

Elibariki kanipigia kutoka porini, sauti ya mtu aliyechoka. Dada yake kampigia akilia. Kikao Jumapili ya tarehe 21, yeye akirudi. Wifi anataka Baba aondoke siku hiyohiyo.

Nikamuuliza, akienda huko mlimani nani ataangalia vidonge? Wifi yuko sokoni kabla ya jua na anarudi giza likiingia. Akasema, "Ungefikiria hayo kabla ya kumwita mwizi."

Ana haki. Naandika hapa tu, sitamwambia.

Jumatatu, 15 Juni

Hakuna aliyegusa. Waya umekunjwa kama nilivyouacha. Tamrak yuko juu ya jabali, nguvu zilezile.

Basi! Nilimkemea Ijumaa, Jumatatu kaacha. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Na bado haikunifurahisha. Nilipofungua nilitaka nikute kitu.

Jumatano, 17 Juni

Hakuna.

Baba hakunyoa leo. Nimemkuta sebuleni amekaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, runinga imezimwa, mikono juu ya magoti. Ameangalia ile runinga nyeusi kama mtu anayesubiri gari kituoni. Nikamsalimia, akaitikia, akainuka na kwenda zake.

Ugali karudisha.

Ijumaa, 19 Juni

Nimekuta vidonge viwili chini ya sosa ya kikombe. Cha jana na cha leo asubuhi. Mimi, ninayejua jiko gani limerudi bila mfuniko, nimedanganywa na sosa.

Nimeogopa. Nimesimama jikoni na vile vidonge kiganjani na nimetaka kwenda mlangoni kwake nimwambie Baba, tafadhali, meza. Sikwenda. Nimempigia Elibariki, hapatikani. Nikaviweka juu ya sahani na kikombe cha maji, nikaacha mezani mahali atakapoviona, nikaingia chumbani kwangu. Niliporudi kikombe kilikuwa kimeguswa, vidonge viko palepale.

Anaondoka kabla ya kuondoka. Na mimi ndiye niliyepiga ile simu Ijumaa iliyopita na kufoka, mlango ukiwa wazi.

Jumapili, 21 Juni

Kikao kimekwisha. Naandika kama kilivyokwenda.

Tulikuwa wanne. Elibariki na vumbi la safari bado kwenye viatu. Wifi Eliakunda na kitenge cha kanisani. Baba kwenye kiti chake cha mbao. Mimi kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, panapostahili.

Wifi alianza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema ameitwa mwizi. Alisema nyumba hii inafuga mchawi kwenye runinga na Baba tangu akione hicho kitu hana amani, na sasa hata chakula kimemshinda. Alisema gari limeshakodiwa, liko nje.

Elibariki akanigeukia. Nikajibu kwamba kuna mtu amechezea vitu vyangu, mimi sikuota. Nikataja fimbo. Nikataja kinamasi. Nilipokuwa nataja niliona jinsi ninavyosikika: mwanamke mzima, kazi anayo, analia kwa ajili ya fimbo ya kwenye runinga. Lakini sikunyamaza. Nikasema, kama siye wifi basi ni nani, aje aseme.

Baba akavua kofia, akaiweka gotini.

"Ni mimi," akasema.

Elibariki akadhani hakusikia vizuri. "Wewe umefanya nini, Baba?"

"Hiyo gemu. Nimegusa mimi, kila nilipobaki peke yangu."

 Baba akaendelea kuiambia kofia. Alisema siku ile alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Alimwona yule mzee wa watu anatangulizwa mbele ya vijana wenye ngao, hana kitu mkononi, anapigwa, anachomwa, anaanguka. Kisha anainuliwa na kutangulizwa tena. "Mzee hatangulizwi," alisema. "Hata awe mchawi. Nilishindwa kuvumilia."

Wifi akasema, "Lakini Baba, ulikuja ukaniuliza kama ni dhambi. Na ulikuwa unaomba."

"Niliomba nisiitamani," Baba akasema. "Sikujibiwa."

Elibariki alitazama sakafu. Najua alikuwa anajizuia kucheka na najua pia macho yalikuwa yamemjaa.

Akamuuliza alijifunzia wapi. Baba akasema alibonyeza mpaka akaelewa, Kiingereza kidogo cha misheni kilimsaidia. Yaliyobaki aliyajua. Miaka aliyosimamia mfereji kule mlimani ndiyo iliyomwonyesha. Nguvu za yule mzee ni maji. Ukifungua yote, shamba la kwanza linazama na la chini linakauka, na mwisho mnapigana wenyewe kwa wenyewe. Unasimama juu, unafungua kidogo, unaangalia yanakokwenda, unafunga. Alieleza kwa mkono, kiganja kikifungua na kufunga hewani. Kiganja hakikutetemeka.

Nilitaka aendelee. Nilitaka kumuuliza alivukaje pale penye vyura wenye sumu. Nikauma midomo.

Kisha akafikia alipokuwa anakwenda tangu mwanzo. Alisema mtu mzima ameshika kitu cha mkwe wake bila ruhusa. Akasikia binti yake wa kumzaa anaitwa mwizi kwa kosa lake, akafunga mlango. Siku zote hizi amekaa nalo na chakula hakipiti. Alisema hawezi kukaa hapa anaangaliwa na kila mmoja akijua. Na kwamba Eliakunda ndiye anayemdai kuliko wote, kwa hiyo anakwenda naye.

Hapo ndipo nilipojua nimeshinda kesi na nimempoteza Baba.

Wifi alikuwa analia. Nilisimama, nikamwomba radhi mbele ya wote, nikamtaja kwa jina. Alitikisa kichwa, hakunishika mkono, lakini hakunitukana. Elibariki akasema, "Baba, vidonge." Baba akasema atameza. Tulivifunga kwenye mfuko wa nailoni na maelezo ya daktari. Gari likaondoka. Hakuniaga, wala mimi sikumuaga. Nilisimama upande wa pili wa geti kama inavyotakiwa.

Nimemtuhumu kila mtu isipokuwa aliyekuwa ananisaidia. Namchukia Tamrak. Hapana, simchukii.

Jumanne, 23 Juni

Elibariki karudi porini. Nyumba ina mwangwi. Nimepika wali mwingi kwa mazoea.

Wifi kanitumia ujumbe mfupi kwa simu: Baba amefika salama, usiku kameza. Hakuongeza neno. Nikamshukuru. Nimesoma "kameza" mara kadhaa. Nani alimwona akimeza? Au kakuta sahani tupu? Yapo masosa mlimani pia. Kushuku kwangu hakujapona, kumebadili tu kazi.

Alhamisi, 25 Juni

Wifi anasema yuko sokoni tangu alfajiri, hajui kama Baba amemeza. Baba amekwenda kwenye kahawa.

Kwenye kahawa!

Jumamosi, 27 Juni

Mawingu asubuhi, Meru haionekani. Nimefua, nimedeki, nikawasha gemu saa nne.

Nimefika kwenye ngazi za mawe na majitu mawili yanazilinda. Nikamweka Tamrak nyuma kabisa, mahali salama. Nikamwambia alaze. Hayalali. Ni mawe. Nikarudia. Nikajaribu moto, jiwe halishiki moto. Tulikufa wote, nikaanza upya, tukafa wote.

Nikaweka pedi chini. Nikachukua simu. Namba ya Baba ninayo tangu harusi, sijawahi kuipiga hata mara moja. Siku zote napitia kwa Elibariki. Nilisimama kwanza. Sijui kwa nini, hanioni.

"Shikamoo Baba."

 Nikasikia majani, na mtu anaweka kitu chini. Panga, nadhani.

"Marahaba, mama. Kuna tatizo?"

Nikasema, "Majitu ya mawe, Baba. Hayalali."

 Nikafikiri atakata. Nikafikiri nimevunja kitu ambacho hakiungiki.

"Umemsimamisha wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Nyuma, chini kabisa, kwenye kona.

"Kwenye kona," akasema, kwa masikitiko. "Na nani yuko pembeni yake?" Nikasema hakuna. "Na hizo ngazi, zina kingo?" Nikasimama karibu na runinga nikatazama. Zina kingo. "Jiwe halilali," akasema, "lakini linaanguka. Ana ule wa upepo wa kusukuma, yule mzee. Sikuwahi kuutumia."

Nikasema sawa, nimeelewa. Nikabaki nimeshika simu. Kisha nikasema lile nililopigia. "Baba, vidonge umemeza?"

 "Leo bado," akasema. "Viko ndani."

"Nasubiri," nikasema.

Nikamsikia anatembea. Bakora, kokoto, mlango, kikombe. Alirudi akiwa anahema kidogo. "Haya. Nimemeza." Akakohoa. "Wewe sasa usiyaangushe hayo majitu mpaka nije. Jumatano nina kliniki. Mwambie Elibariki anitafutie gari la kunileta, mizigo nitakuwa nayo."

Nikasema ndiyo, Baba. Akakata bila kuaga.

Nimezima gemu. Nimeingia chumba chake, nimefungua dirisha, nimetoa mashuka na kuyaloweka. Elibariki hapatikani. Gari nitalitafuta mwenyewe.